Mashine Kongwe ya Boti: Uifufue au Uichinje Spea? Mwongozo Kamili

Watu wengi huamua hatima ya mashine kongwe ya boti kwa kuitazama sura. Rangi ikiwa bado inang'aa na jina la Johnson au Evinrude bado linasomeka ubavuni, wanaanza kuagiza spea. Ikiwa imechakaa na kava limepasuka, wanaiita chuma chakavu. Namna zote mbili hupoteza hela, kwa sababu mambo yanayoamua hayaonekani kwa nje: hali ya silinda, hali ya gia zilizo ndani ya mguu (sehemu ya chini inayobeba propela), na kama kile kifaa kilichokufa bado kinapatikana.

Hapa nazungumzia mashine za kupachika nyuma ya boti, hasa tusitroki, zile za kuchanganya petroli na oili, za kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980. Ninachosisitiza ni mpangilio. Anza na vipimo visivyogharimu kitu, malizia na vile vya kufungua, na uwe tayari kusimama kwenye hatua yoyote ile. Anayefungua kwanza na kupima baadaye huishia na masanduku ya vyuma ambavyo havirudi tena kuwa mashine, na kama spea haviuziki kwa sababu hakuna anayejua kipi kilikuwa kizima.

Hatua ya 1: Ijue mashine kwa modeli na mwaka

Tafuta kibati cha modeli na namba ya siriali. Mara nyingi kiko kwenye kishikizo kinachobana ubao wa nyuma wa boti, upande wa kushoto au wa kulia. Kikiwa kimeng'oka, angalia kwenye bloku yenyewe: baadhi ya Mercury, Johnson na Evinrude zina kizibo cha duara kilichogongwa namba. Nakili kila herufi, pamoja na ile ya mwisho ambayo watu hupenda kuiacha. Herufi hiyo hutenganisha toleo na toleo, na matoleo mawili ya mwaka mmoja yanaweza kutumia kabureta tofauti.

Kwa Johnson na Evinrude za kuanzia 1980 kuna ufunguo rahisi. Chukua neno INTRODUCES na uzipe herufi zake namba: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ni 0. Herufi mbili zinazotangulia ile ya mwisho kwenye namba ya modeli ndizo mwaka. Ukikuta CI, hiyo ni 1981. Ukikuta CO, ni 1985. Za kabla ya hapo inabidi utafute jedwali la modeli, na majedwali hayo yamejaa mtandaoni.

Mwaka una kazi yake, si wa kujisifia tu. Kampuni ya OMC iliyotengeneza Johnson na Evinrude ilifilisika Desemba 2000, Bombardier wakazinunua chapa hizo 2001, na utengenezaji wa mashine za Evinrude ukasimamishwa 2020. Hata hivyo spea za modeli zilizouzwa kwa wingi, kama koili, platini (ncha zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi), mpira wa pampu ya maji na vifaa vya kabureta, bado zinatengenezwa na viwanda vingine. British Seagull iliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990 na spea zake bado zinauzwa. Upande wa pili, kuna modeli iliyotoka msimu mmoja tu ikiwa na mfumo wa umeme wa pekee, na ukikosa kifaa kimoja cha mfumo huo, basi. Kwa hiyo kabla hujashika spana, chukua namba ya modeli na utafute vitu vitatu: mpira wa pampu ya maji, koili, na sili za mguu. Vikipatikana vyote, mashine hiyo bado ina ndugu duniani. Vikikosekana vyote, andika alama moja upande wa kuchinja.

Ukikuta namba ya siriali imekwanguliwa kwa makusudi, usiendelee wala usinunue. Mashine za boti huibwa sana, na spea za mashine ya wizi ni za wizi vilevile.

Hatua ya 2: Useme unaitaka ya nini

Fupi tu. Mashine ya kukupeleka mbali na nchi kavu inahitaji kiwango kimoja, ya kuzunguka ziwani Jumapili kiwango kingine, na ya kuwekwa sebuleni haihitaji hata kuwaka. Jambo moja la kukumbuka: tusitroki za zamani za kabureta hutoa hadi asilimia 30 ya mafuta bila kuungua, yakaingia majini na hewani. Ndiyo maana kuna sehemu zilizozipiga marufuku. Lake Tahoe kule Marekani ilianza mwaka 1999. Kama maji unayoyakusudia yana sheria ya namna hiyo, utafufua kitu usichoweza kukitumia.

Hatua ya 3: Macho na mikono, bila spana

Vua kava uitazame mashine kwenye mwanga mzuri. Kwanza tafuta kilichokosekana. Mashine iliyokamilika lakini mbovu huwa na thamani kuliko inayowaka huku ikiwa imenyofolewa vitu, kwani vile vidogo, kama vile fimbo ya kuunganisha kabureta na sahani ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi), klipu, au skrubu ya kubana mguu, ndivyo vinavyokula miezi kuvitafuta.

Pili, soma chumvi. Mashine iliyofanya kazi baharini bila kusuuzwa ina unga mweupe kwenye maungio ya aluminiamu, na rangi iliyovimba kuanzia kwenye vichwa vya bolti. Angalia kwa karibu pale penye kifuniko cha themostati na kwenye kichwa cha silinda. Bolti ni chuma, bloku ni aluminiamu, na maji ya chumvi kati yao huziunganisha kwa kutu hadi unapofungua, kichwa cha bolti kinabaki mkononi na mwili wake unabaki ndani. Bolti moja iliyokatika hutolewa. Sita zilizokatika kwenye bloku moja ni kazi ya karakana ya kuchonga vyuma, na bili yake hutasahau.

Tatu, tafuta nyayo za fundi aliyetangulia. Vichwa vya skrubu vilivyoliwa, gundi ya rangi mbili tofauti kwenye gasketi moja, alama za nyundo kwenye ukingo wa flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya injini. Hizo zikiwepo, usiamini kitu chochote ulichoambiwa kuhusu mashine hiyo.

Malizia kwa kuzungusha propela polepole huku umeweka kidole karibu na ncha ya shafti. Ikipanda na kushuka, shafti imepinda. Tazama na pezi la chini ya mguu: likivunjika huchomelewa, lakini pigo lililolivunja huenda limeipinda shafti pia.

Hatua ya 4: Inazunguka au imeganda?

Weka gia kwenye fri (isiyoshika mbele wala nyuma), toa plagi zote, zungusha flaiwili kwa mkono ukifuata mwelekeo wa saa. Ikizunguka laini, ruka hadi hatua ya 5.

Ikiwa imekwama, usivute kamba ya kuwashia kwa nguvu na usigonge flaiwili. Ndani ya flaiwili kuna sumaku zinazoweza kung'oka au kupasuka, na krenki nayo hupinda. Kwanza jiulize ni nini hasa kilichokwama. Inaweza kuwa pistoni imegandana na silinda kwa kutu, au gia za mguu zimeshikana huku injini ya juu ikiwa nzima. Njia ya uhakika ya kuvitenganisha ni kuushusha mguu, na hapo ndipo utakapojua kama bolti zake zinatoka.

Kwa pistoni iliyoganda, dawa ni uvumilivu. Ilaze mashine kifudifudi plagi zikitazama juu, mimina mafuta ya kulegeza kutu ndani ya kila silinda. Mafundi wengi huchanganya oili ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na inafanya kazi vizuri, ila mchanganyiko huo unashika moto na mvuke wake si wa kuvuta, kwa hiyo fanyia nje. Kwenye mashine nyingi za silinda mbili, pistoni moja inapokuwa juu nyingine huwa chini na matundu ya ekzosi yako wazi, hivyo oili itatoroka upande huo. Ongeza kila siku. Baada ya siku kadhaa shika flaiwili kwa mikono miwili, itikise mbele na nyuma. Ikisogea hata upana wa kucha, umeshinda. Ongeza oili, endelea kuitikisa, na usiilazimishe kumaliza mzunguko mzima siku hiyohiyo.

Wiki kadhaa zikapita haijasogea hata kidogo? Kwa mashine ya kawaida, mimi hapo huhamia upande wa kuchinja. Kwa ile ya nadra, fungua kichwa cha silinda uone, kwani wakati mwingine kutu ni mstari mwembamba tu ambapo ringi zilisimama.

Hatua ya 5: Kompresheni, na yale ambayo kompresheni haisemi

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Funga geji kwenye tundu la plagi, plagi nyingine ikiwa nje, fungua throtoli yote, unganisha nyaya za plagi na bodi ili koili zisiungue, kisha vuta kamba mpaka sindano iache kupanda. Rudia kwa kila silinda.

Linganisha silinda na silinda kabla ya kulinganisha na kitabu. Tofauti ya asilimia 10 isikukoseshe usingizi. Ikipita 15, kuna jambo. Kuhusu namba yenyewe, watu hutishika bure: mashine ndogo za miaka ya 1950 zilitengenezwa na mgandamizo mdogo, na PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 60 hadi 80 kwenye silinda zote huwa ni afya tu. Ya miaka ya 1970 au 1980 unategemea iguse 100 na kuendelea. Geji nazo hutofautiana, ndiyo sababu usawa una maana zaidi ya namba.

Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya kichwa kabla hujahukumu pistoni. Gasketi ni ya bei nafuu. Moja ikiwa chini peke yake, ingiza kamera ndogo ya kuunganisha na simu kupitia tundu la plagi. Unachotafuta ni mistari ya wima kwenye ukuta wa silinda. Mikwaruzo hafifu unayoiona lakini kucha isingeihisi si kitu. Michirizi mipana ya kijivu, hasa upande wa ekzosi, ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikapakwa ukutani: mashine iliwahi kukosa maji ya kupooza, au ilinyweshwa petroli isiyo na oili ya kutosha. Wakati mwingine aluminiamu hiyo hutolewa na silinda ikapona. Ukuta ukiwa umekatwa, silinda itachongwa na kuwekwa pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya asili, na swali linakuwa kama pistoni hiyo bado ipo sokoni.

Geji ikikupa namba nzuri, usishangilie mapema. Tusitroki hupumua kupitia chumba cha krenki, na sili za krenki zikivuja, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni huungua hata kama kompresheni ilikuwa safi. Geji haizioni sili hizo. Pia haizioni beringi. Kwa beringi, shika flaiwili ujaribu kuisukuma pembeni kwa pembeni. Mchezo mdogo wa juu na chini unaruhusiwa. Ikicheza pembeni ukauhisi mgongano mkononi, beringi kuu zimekwisha, na mashine hiyo ni ya kufungua yote.

Hatua ya 6: Moto wa plagi

Kwa magneto za zamani, cheche inatakiwa iruke pengo la milimita 6 hivi, ya buluu na yenye sauti. Mifumo ya CDI (moto wa kielektroniki, usiotumia platini) iliyokuja baadaye inatakiwa iruke pengo la milimita 11. Tumia kipimo cha cheche chenye pengo linalorekebishwa. Cheche kwenye plagi yenyewe inadanganya kwa sababu pengo lake ni dogo.

Kukosa moto kwenye mashine ya platini kusikukatishe tamaa hata kidogo. Mara nyingi ni oksidi tu kwenye ncha za platini. Zisafishe, weka pengo la milimita 0.5 kwa magneto nyingi za Johnson na Evinrude za miaka hiyo, jaribu tena. Koili za zamani hupasuka ganda, na nyufa hizo utaziona kwa macho. Mpya zipo na kubadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Kuiondoa flaiwili tumia kivutio kinachofungwa kwa bolti tatu kwenye kitovu chake, si kile cha kucha kinachovuta ukingo.

CDI ni habari nyingine. Kifaa cha umeme kikifa kwenye modeli isiyouzwa sana, bei yake inaweza kuikaribia bei ya mashine nzima inayotembea. Kabla hujakata shauri, hakikisha si swichi ya kuzimia wala waya wa ardhi uliooza, maana hivyo viwili huua moto na havigharimu chochote.

Hatua ya 7: Mguu

Watu huhangaika na injini ya juu, kisha mguu ndio unaowaangusha. Mpe mguu uzito uleule unaoupa bloku.

Weka chombo safi chini, simamisha mashine wima, fungua skrubu ya chini kwanza kisha ya juu. Tazama tone la kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama mashine imekaa muda mrefu, maji yatatangulia yakiwa peke yake. Yakitoka maji matupu kwa sekunde kadhaa ndipo oili nyeusi ifuate, beringi zilikuwa zimelala majini. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo wakati mashine inafanya kazi: sili zimechoka, lakini gia huenda ni nzima kwa kuwa bado zilipata ulainisho. Isugue kati ya vidole. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vyenye kingo kali, ni meno ya gia.

Kisha ingiza gia ya mbele, zungusha propela kwa mkono: ishike. Fri: iachie. Rivasi: ishike tena. Kama mashine ina sifa ya kuruka gia inapotiwa mzigo, meno ya klachi yameviringika. Mhusika hapo ni mwendeshaji aliyekuwa akiingiza gia polepole kwa kuogopa mlio, kumbe klachi ya meno inataka kuingizwa kwa mkono wa haraka. Klachi na gia zake hupatikana kwa modeli maarufu. Kwa nyingine, mguu wa mtumba ndio suluhisho.

Kuushusha mguu ni mtihani wenyewe. Tenganisha fimbo ya gia kwanza. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi muungano uko chini ya kabureta au nyuma ya kidirisha ubavuni. Bolti zikitoka na mguu bado haushuki, meno ya shafti yameganda ndani ya krenki. Joto, mafuta na subira hufungua nyingi, lakini si zote, na ukipiga nyundo hovyo utapasua sehemu ya katikati iliyokuwa nzima. Mguu ukishuka, badilisha mpira wa pampu ya maji bila kuuliza. Wakati wa kurudisha, pakaa grisi ubavuni mwa meno ya shafti. Ikijaa kichwani huzuia shafti isikae mahali pake.

Hatua ya 8: Mafuta, na kwa nini usiyape uzito

Kabureta iliyojaa utando wa petroli iliyokauka inaonekana vibaya kuliko ilivyo. Isafishe, badilisha gasketi, kiboya na sindano yake, na mipira yote ya mafuta. Mashine za Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 nyingi zilitumia tenki la shinikizo lenye mpira wa njia mbili. Ukilikosa au limetoboka, mashine hubadilishwa itumie pampu ya kawaida ya mafuta. Sijawahi kuona sababu ya kuchinja mashine kwa ajili ya kabureta, isipokuwa bodi yake imeliwa na chumvi hadi kutoboka.

Hatua ya 9: Piga hesabu kwa kalamu

Sasa una majibu. Andika orodha tatu: vitu vinavyotakiwa ili iwake na kupooza vizuri, vitu vinavyotakiwa ili iaminike, na urembo. Urembo usiuhesabu kabisa kwa sasa. Jumlisha orodha mbili za kwanza, ongeza robo kwa ajili ya bolti zitakazokatika, kisha ulinganishe na bei ya modeli hiyohiyo inayotembea.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Sehemu kuu ni tatu: bloku, mguu, na mfumo wa moto. Zote nzima, fufua, haijalishi sura. Moja imekufa na spea ipo, fufua kama hesabu haipiti nusu ya bei ya iliyo nzima. Mbili zimekufa, chinja, au tafuta pacha wake mbovu mwenye ubovu tofauti uwaunganishe. Njia hii ya pacha hudharauliwa, ilhali ndiyo iliyofufua mashine kongwe nyingi: bloku ya huyu na mguu wa yule, na masalia yanalipia gharama. Hakikisha tu urefu wa shafti unalingana.

Kuna mambo mawili yanayovunja kanuni hiyo. La kwanza ni unadra. Mashine ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia iliyokamilika, au modeli iliyotoka chache, usiichinje hata ikiwa imeganda. Kuna wakusanyaji wanaoitafuta hivyohivyo, na rangi ya asili iliyochakaa pamoja na maandishi yake ina thamani kwao kuliko rangi mpya uliyoipulizia. Iuze nzima. La pili ni chumvi. Bloku iliyoliwa ndani kwenye njia za maji ya kupooza itaziba na kuunguza tena, hata ukiweka pistoni mpya. Hiyo haina mjadala.

Na usisahau njia ya tatu: kuiuza yote kwa pamoja kama mashine ya spea. Kuchinja hulipa zaidi kwenye karatasi, lakini kuna kupiga picha, kujibu maswali, kufunga vifurushi, na kubaki na vyuma visivyotakiwa na mtu. Kama hufurahii kazi hiyo, mwenye pacha mbovu atakushukuru na utakuwa umemaliza siku moja.

Ukiamua kufufua

Jiwekee tarehe na kiasi cha mwisho cha fedha, uviandike ukutani. Anza na mguu na pampu ya maji, fuata moto, kisha mafuta. Rangi ni ya mwisho, baada ya mashine kufanya kazi majini.

Uwiano wa oili soma kwa modeli yako, kwani hapa ndipo mashine iliyofufuliwa huuawa tena. Johnson na Evinrude nyingi za miaka ya 1950 zinataka 24:1, yaani sehemu 24 za petroli kwa moja ya oili. Kuanzia 1964 nyingi zikahamia 50:1. Seagull za zamani zilitaka 10:1, na moshi wake unajieleza. Tumia oili ya TC-W3 iliyotengenezwa kwa mashine za boti.

Usiiwashe kavu hata kwa sekunde chache, mpira mpya wa pampu utaungua. Itumbukize kwenye pipa, maji yapite juu ya pampu. Mashine nyingi za zamani hazina kijitundu cha kukojoa, kile kinachorusha nje maji ya kupooza ili uyaone, kwa hiyo kutoona mkojo si ushahidi wa ubovu: maji hutoka pamoja na ekzosi, nyuma ya mguu. Dondoshea matone ya maji juu ya kichwa cha silinda baada ya dakika kadhaa. Yakikaa na kukauka polepole, sawa. Yakichemka na kuruka, zima hapohapo. Baada ya saa chache za kazi badilisha oili ya gia uitazame tena rangi.

Ukiamua kuchinja

Kabla hujalegeza bolti ya kwanza, rekodi kila kilicho kizima kikiwa bado kimefungwa: video ya geji ya kompresheni, video ya cheche ikiruka, picha ya oili ya gia. Koili iliyoonyeshwa ikitoa moto huuzika. Koili iliyo mezani ni bahati nasibu kwa mnunuzi. Piga picha ya kila upande, hasa njia za nyaya na fimbo.

Mwaga petroli na oili yote, peleka panapopokelewa taka za namna hiyo. Kisha fungua kutoka nje kuingia ndani: kava, kamba ya kuwashia na nyumba yake, kabureta, sahani ya magneto, mkono wa kuendeshea, mguu, na vibanio mwisho. Tumia joto kabla ya nguvu, kwa sababu kipande kinachouzika ni kile kilichotoka bila kupasuka. Usiukate mguu kwa msumeno kwa sababu bolti imegoma. Hapo unaharibu sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Mguu mzima uuze bila kuufungua. Kabureta iuze ikiwa kamili na fimbo zake. Kava, hata lenye mkwaruzo, lina soko, kwa sababu mengi yaliruka majini au kuvunjwa, na hayatengenezwi tena. Propela, tenki, na nyumba ya kamba huondoka haraka. Bolti, klipu na springi za kila sehemu zifunge kwenye mfuko mmoja na sehemu yenyewe, uandike namba ya modeli juu. Mtu akikosa springi moja ndogo ya kabureta yuko tayari kununua kabureta yote. Flaiwili ifunge mbali na vumbi la chuma, sumaku zake hukusanya kila kitu.

Bloku iliyokufa tenganisha aluminiamu na chuma kabla ya kuipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, bei zao ni tofauti sana. Kibati cha siriali usimuuzie mtu peke yake. Anayekitaka bila mashine kwa kawaida ana mashine isiyo yake. Kibaki kwenye kishikizo kilipotoka, na nakala ya namba uiweke pamoja na picha zako, maana mnunuzi wa mguu akirudi baada ya mwaka kuuliza sili gani zinaingia, namba hiyo ndiyo utakayomjibu nayo.